Maswali ya wafugaji: dume adimu aende Nane Nane au abaki zizini?

Msimu wa maonyesho ukikaribia, barua za wafugaji hubadilika. Badala ya ukame na malisho, watu wanauliza habari za kupakia ng'ombe kwenye lori. Safari hii tumechagua barua za wenye ng'ombe wa aina zilizobaki chache, kwa sababu hesabu yao si sawa na ya mwenye zebu, ng'ombe wetu wa kienyeji, mia mbili.

Nina ng'ombe wa Mpwapwa: majike wazazi 40 na madume 3. Nimeombwa nipeleke dume bora kuliko wote Nzuguni, Dodoma, kwenye Nane Nane. Mimi naona ni heshima, mke wangu anasema nisithubutu. Nani yuko sahihi? – Mfugaji, Kongwa

Kwa hesabu, ndugu yetu, mke wako anakushinda. Ng'ombe wa Mpwapwa hauzwi kila mnada. Aina hii ilitengenezwa palepale Mpwapwa kwa kuchanganya damu ya Sahiwal na Red Sindhi kutoka Bara Hindi, zebu wetu, Boran na kiasi kidogo cha damu ya Ulaya. Dume akikupotea, huendi kumnunua mwenzake Jumamosi inayofuata.

Chukua kalamu. Zidisha 4 kwa idadi ya madume kwa idadi ya majike, kisha gawanya kwa jumla yao wote. Jibu ndilo ukubwa halisi wa kundi lako kwa upande wa damu. Kwako ni 4 × 3 × 40 ÷ 43, yaani kama 11. Kundi linaonekana 43, lakini kwa damu ni la ng'ombe 11. Ukipoteza majike 5 inabaki 11 na kidogo, karibu palepale. Ukipoteza dume mmoja inashuka hadi 7.6, na kasi ya ndugu kupandana inapanda kutoka karibu asilimia 4.5 hadi 6.6 kwa kila kizazi. Wataalamu wa uzazi wa wanyama wanataka namba hiyo isishuke chini ya 50, kwa hiyo wewe tayari uko pembamba. Dume mmoja ana uzito kuliko majike watano, na huyo ndiye unayeombwa umpeleke.

Jambo la pili: wafugaji wengi huuliza dume atapatwa na nini huko. Swali zito zaidi ni atarudi na nini. Ugonjwa wa miguu na midomo kwa kawaida hauui ng'ombe mzima. Dume atachechemea, atakonda, na homa itaharibu mbegu zake kwa muda wa miezi miwili hivi, maana mbegu moja huchukua karibu siku 60 kutengenezwa. Maumivu yenyewe yako nyumbani. Virusi vikifika zizini hushambulia moyo wa ndama wachanga, nao huanguka ghafla, wengine bila hata kidonda mdomoni. Mwenye aina adimu anaweza kupoteza ndama wa mwaka mzima kwa sababu ya utepe wa mshindi.

Ukiamua kwenda, peleka mtoto, baba abaki. Dume kijana ambaye baba yake yuko zizini na ndugu zake wapo hana damu ambayo huwezi kuipata tena. Na kama kuna uwezekano, zungumza na daktari wako wa mifugo na watu wa TALIRI, taasisi ya utafiti wa mifugo Tanzania, mbegu za dume mkubwa zivunwe na kugandishwa kabla ya safari. Zikihifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi joto 196 chini ya sifuri, zinadumu miongo.

Usisahau lori. Fuso lililobeba ng'ombe wa mnada juzi linaweza kuwa hatari kuliko uwanja wenyewe, maana uwanjani angalau kuna daktari anayekagua wanaoingia. Komba mavi yote na majani, sugua kwa maji ya sabuni, suuza, acha maji yachuruzike, ndipo upulize dawa na uiache nusu saa. Virusi vya miguu na midomo haviwezi ukali wa asidi wala wa magadi: asidi ya sitriki gramu 20 kwa lita 10 za maji, au kabonati ya sodiamu, ile soda ya kufulia, gramu 400 kwa lita 10. Chagua moja. Ukichanganya zote mbili zinauana na unabaki na maji ya chumvi. Na ukipuliza juu ya mavi, dawa inaishia kwenye mavi.

Chanjo zipi zinahitajika, na lini? Tuna Ankole sita tutakaowapeleka Nyamhongolo, Mwanza. Mwaka jana tulichanja wiki moja kabla ya safari. – Mama mfugaji, Karagwe

Mama, chanjo ya wiki moja kabla ya safari inapendeza kwenye cheti tu. Mwili unahitaji muda. Hesabu kurudi nyuma kuanzia tarehe 1 Agosti, siku maonyesho yanapofunguliwa.

Homa ya mapafu ianze, kabla Mei haijaisha. Chanjo yake, T1/44, ina vijidudu hai vilivyodhoofishwa, na mahali ilipochomwa panaweza kuvimba vibaya, ndiyo maana wengi huchoma karibu na ncha ya mkia. Kosa linaloiharibu mara nyingi ni sindano ya antibiotiki. Ng'ombe aliyechomwa oksitetrasaiklini au tailosini siku za karibu, kabla au baada, anaua vijidudu vya chanjo kabla kinga haijajengeka. Kibali kinaandikwa "amechanjwa" na ng'ombe yuko wazi kama ambaye hajaguswa. Mwambie anayechanja kila dawa ng'ombe aliyopata mwezi huo.

Miguu na midomo: dozi ya kwanza wiki ya kwanza ya Juni, ya pili wiki nne baadaye. Kama kundi lako tayari linachanjwa kila miezi sita, dozi moja mapema Julai inatosha. Uliza chanjo ina aina gani za virusi. Tanzania kuna O, A, SAT 1 na SAT 2, na kinga ya moja haimzuii mwenzake. Chanjo yenye O na A peke yake mbele ya SAT 2 ni mwavuli wenye tundu.

Mapele ngozi katikati ya Juni, kati ya dozi mbili za miguu na midomo, ili ipate wiki tatu au zaidi za kushika. Ugonjwa huu unabebwa na nzi wanaouma na mbu, kwa hiyo kumtenga ng'ombe kwa kamba hakutoshi.

Chambavu na kimeta fuata ratiba yako ya kila mwaka. Hayo ni magonjwa ya udongo, na maonyesho hayaongezi mengi.

Juni hiyohiyo pima kifua kikuu na ugonjwa wa kutupa mimba. Kipimo cha kifua kikuu cha ngozi husomwa saa 72 baada ya sindano, si kesho yake kwa kuwa daktari ana safari. Kikishindikana, usirudie kabla ya siku 42, na wengi husubiri 60, maana ngozi huchoka na kutoa jibu la uongo.

Lakini jambo ambalo karibu kila barua inalisahau ni hili: chanja waliobaki nyumbani. Ng'ombe wa maonyesho aliyechanjwa anaweza kubeba virusi vya miguu na midomo kooni bila dalili yoyote, miezi hata miaka. Anarudi mzima, ananenepa, na nyuma yake kuna thelathini ambao hawakuchanjwa kwa sababu hawakuwa wanakwenda popote. Fedha zikiwa chache, ni afadhali Ankole wawili waende na kundi zima lichanjwe, kuliko sita waende na wao pekee wachanjwe.

(Na kwa Ankole, pima upana wa lori kwa pembe, si kwa mwili. Pembe iliyovunjika njiani inavuja damu, inavuta nzi, na nzi ndio tunaowakimbia.)

Daktari, shikamoo. Mimi ndiye ninayelala na ng'ombe uwanjani. Nifanye nini kila siku? – Kijana mtunzaji, Mbeya

Marahaba. Wewe ndiye kinga kuliko sindano zote, kwa hiyo tutakuelekeza kwa kirefu.

Nenda na vyako: ndoo mbili za maji, ndoo ya chakula, kamba ya kichwa, brashi, taulo za kiwele, sepetu, na majani makavu ya siku zote nane. Viandike kwa rangi ili visitembee. Birika la pamoja la uwanja ni la wenye ng'ombe wa kawaida. Chota maji bombani kwa ndoo yako, na mdomo wa mpira usiguse ndani ya ndoo, kwa kuwa mpira huo umeshaguswa na ndoo ya kila mtu. Ng'ombe mmoja anayedondosha mate anatosha kuchafua birika la uwanja mzima.

Brashi haiazimwi. Hapa si miguu na midomo peke yake: choa, yale mabaka ya duara yenye ukoko kijivu kuzunguka macho na shingo, husafiri kwa brashi na kamba na hukaa kwenye mbao za zizi miezi mingi. Ng'ombe mwenye choa haingii ulingoni, na wewe mwenyewe unaweza kuupata mikononi.

Omba kibanda cha pembeni, chenye ukuta au nafasi tupu upande mmoja. Mahali ambapo pua hukutana na pua ndipo homa ya mapafu inapopita, kwa vitone vya kikohozi. Kama jirani yuko karibu, funga turubai au bati kati yenu, futi tano kwenda juu.

Halafu kuna jaji. Akitaka kuhesabu meno, mkono wake unatoka kinywa hadi kinywa, na hakuna njia fupi kuliko hiyo. Mwambie kwa heshima, "Mzee, nitamfungua mimi," ukifungua mwenyewe yeye aangalie. Jaji mzuri hatakasirika. Ukiweza, weka ndoo ya maji na sabuni mlangoni, watu wanawe bila kuambiwa.

Wageni wasilishe wala kushika pua ya ng'ombe. Weka kamba mita moja na nusu mbele ya kibanda. Mtoto atakaa nyuma ya kamba kama kuna kitu cha kutazama, kwa hiyo bandika bango lenye historia ya aina ya ng'ombe wako, na watu watasoma badala ya kugusa. Na usimpe mgeni maziwa mabichi, hata akisema amezoea.

Pima joto asubuhi kabla jua halijachoma na jioni likizama, uandike daftarini. Kawaida ni kati ya 38 na 39.3. Ikifika 39.5 asubuhi ya ubaridi, mwite daktari wa uwanja kabla hujamwita mwenye ng'ombe. Joto hupanda mapema kuliko malengelenge, na siku hiyo moja ndiyo faida yako yote.

Mtamba wangu ana mimba ya miezi minane, amependeza sana. Naweza kumpeleka? – Mfugaji, Njombe

Hapana. Kuanzia mwezi wa saba wa mimba abaki nyumbani. Akizaa au kutupa mimba uwanjani, maji ya uzazi na kondo vinaweza kusambaza ugonjwa wa kutupa mimba kwa ng'ombe na kwa watu, na ndama atazaliwa katikati ya vijidudu vya wilaya nzima kabla hajanyonya dang'a.

Mwaka juzi ng'ombe wa kibanda cha jirani alianza kutoa mate mengi siku ya tatu. Tulipakia wetu usiku na kuondoka. Tulifanya vyema? – Wanakikundi, Morogoro

Mlifanya kosa baya kuliko yote, na tunasema hivyo bila kuuma maneno kwa sababu karibu kila mtu angefanya vivyo hivyo.

Virusi vya miguu na midomo hukaa mwilini siku 2 hadi 14 kabla ya dalili, na ng'ombe huanza kuvimwaga kwa pumzi na mate kabla ya lengelenge la kwanza. Mate ya jirani yalipoonekana siku ya tatu, wenu walikuwa wameshavuta hewa ileile siku mbili. Kuondoka usiku hakukuwaokoa. Kulihamisha ugonjwa, kama ulikuwepo, kutoka sehemu moja yenye madaktari hadi kijiji chenu.

Uingereza ililijua hilo kwa gharama kubwa mwaka 2001. Kondoo walioonekana wazima walipita mnada wa Hexham na minada mingine mwezi Februari, na ugonjwa ulipothibitishwa tarehe 20 ulikuwa umeshaingia mashamba zaidi ya 50. Kabla haujaisha, wanyama zaidi ya milioni sita walichinjwa. Kati ya waliotishiwa walikuwa ng'ombe weupe wa Chillingham, aina ambayo imefungiwa bustani moja kwa karne nyingi. Waliponea, na kilichowapa walezi wao ahueni kidogo ni kwamba kundi dogo la akiba lilikuwa linaishi mbali, huko Scotland.

Mkiona mate, tazameni kwa mbali kwanza. Anachechemea au kukung'uta mguu? Anasaga meno, ananyonyanyonya midomo kama anayeonja? Mate peke yake yanaweza kuwa mwiba, kiazi kilichokwama kooni, au sumu ya dawa ya kuogeshea iliyochanganywa kali mno. Msimfungue mdomo. Mwiteni daktari wa uwanja papo hapo, msihamishe mnyama yeyote, mtu aliyekuwa anahudumia vibanda viwili abaki kwenye kimoja, na wekeni beseni la dawa ya kuua virusi, watu wachovye viatu, dawa ibadilishwe kila siku na kila ikichafuka. Kutoa taarifa ya ugonjwa wa aina hii ni wajibu chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya mwaka 2003, na kibali cha kusafirisha kilichowaleta hakiwaruhusu kuondoka uwanja ukishafungwa.

Tunafuga Sahiwal. Baada ya maonyesho ya Nakuru huwatenga wiki mbili kisha tunawachanganya. Kuna maonyesho mengine wiki tatu baadaye. Tunakosea wapi? – Meneja wa ranchi, Narok

Wiki mbili zinakaribia kutosha kwa miguu na midomo na hazitoshi kwa mapele ngozi, ambayo huhesabiwa hadi siku 28. Wekeni siku 30. Homa ya mapafu ni shetani mwingine: inaweza kujificha miezi, na ng'ombe aliyepona hubaki na donge pafuni lenye vijidudu hai, ambalo hata kipimo cha damu hulikosa. Kwa hiyo hakuna karantini ya shambani inayoifunga kabisa. Kinga yake ni chanjo ya kundi lote na kutowapeleka Sahiwal kwenye maonyesho ya eneo lenye taarifa za ugonjwa huo. Tanzania ilikuwa imeuondoa miaka ya 1960, na mwaka 1990 ukarudi kwa miguu ya ng'ombe.

Kutenga kwenyewe mara nyingi ni jina tu. Boma la karantini liko upande wa pili wa waya uleule, maji yanateremka kutoka kwao kwenda kwa wengine, na mchungaji mmoja anaanza na wageni kwa sababu ndio wazuri. Geuzeni mpangilio. Boma liwe chini ya mteremko, mbali na njia ya malisho, bila ua wa pamoja. Mchungaji amalize kundi la nyumbani, ndipo aende karantini na buti na koti vinavyobaki hukohuko. Hakuna josho la pamoja wala lambo la pamoja. Dume hapandi siku zote 30.

Kupe washughulikieni siku ileile ya kushuka. Kupe wa masikio wa kahawia, anayebeba ndigana kali, huhitaji siku mbili tatu akiwa ameng'ata kabla vimelea havijawa tayari kutoka kwenye mate yake. Ukimuua siku ya kwanza umemwahi. Amitrazi ya asilimia 12.5 huchanganywa mililita 2 kwa lita ya maji, yaani 40 kwenye pampu ya lita 20, na ng'ombe mzima anahitaji lita 5 au zaidi ili alowe hadi ndani ya masikio, chini ya mkia na kati ya mapaja. Pampu moja kwa ng'ombe kumi ni kuwanyunyizia manukato. Someni pia kibandiko, maana chupa zina nguvu tofauti.

Kuhusu maonyesho mawili, hesabuni kuwa ni safari moja. Wakirudi nyumbani katikati, siku 30 hazijaisha na zinaanza upya. Kama mnakwenda yote mawili, kundi la maonyesho lisionane na la nyumbani kuanzia siku ya kwanza ya kuondoka hadi siku ya 30 baada ya maonyesho ya pili. Kama hilo ni refu mno, chagueni moja.

Chuo chetu kina Singida White 9 tu: majike 7 na madume 2. Wanafunzi wanataka kuwaonyesha Dodoma ili watu waijue aina hii. Tuwakatalie? – Mwalimu, Singida

Msiwakatalie wanafunzi, wakatalieni madume. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, huihesabu aina ya mifugo kuwa hatarini kabisa inapobaki na majike wazazi 100 au pungufu, au madume 5 au pungufu. Hatujui wafugaji wengine wanao wangapi, lakini ninyi chuoni, ukitumia ile fomula ya barua ya kwanza, mna 6.2.

Pelekeni maksai. Ana rangi ileile, nundu ileile, umbo lilelile, na wageni tisa kati ya kumi hawatatambua tofauti. Ni mpole, wanafunzi watamshika bila fimbo, na damu yake haina wa kumrithi kwa hiyo hamuweki chochote rehani. Afanyiwe chanjo na vipimo kama wengine. Ila asirudi. Andaeni mnunuzi mapema, ombeni kibali cha kusafirisha kinachoonyesha machinjio kuwa ndiko aendako baada ya maonyesho, hakikisheni siku za kusubiri za dawa alizopata zimepita kabla hajachinjwa, na hereni yake ya sikio iandikwe kwenye daftari la chuo kuwa ametoka. Kamba na ndoo zake zilowekwe kwenye dawa nusu saa kabla hazijaingia geti. Wanafunzi nao wafue nguo na kusugua buti hukohuko Dodoma, kisha wakae siku tatu bila kuingia zizi la wale tisa.